Kiti Kwanza, Spika Baadaye

Siku niliyokatiza katikati ya mji wa Arusha na kiti kichwani naikumbuka vizuri, mwanangu, pengine kuliko hata siku ya harusi yangu. Mbele yangu alitembea mama mkwe, ameshika kaseti aliyoifunga kwenye leso. Nyuma yetu alifuata mume wangu Eliakimu, kwa hatua za mtu anayemwomba Mungu asikutane na anayemfahamu. Watu walidhani tunauza kiti. Mmoja akaniuliza bei, nikamwambia hakiuzwi, akasema sasa mama unakitembeza cha nini. Sikuwa na jibu la haraka. Jibu lenyewe ndilo ninalotaka kukupa leo, kwa sababu umenitumia picha za spika kwenye simu na kuniuliza, "Shangazi, ninunue zipi?"

Nimeziangalia picha zako, Elibariki. Zile spika ndefu nyeusi zingenifika mimi kifuani, na ile sabufa inawaka taa za rangi rangi kama bajaji ya kijana ambaye hajaoa. Kisha nikaangalia picha ya chumba chenyewe, hapo Themi mlipohamia. Mwanangu, jiko langu ni kubwa kuliko hicho chumba. Sisemi kwa dharau, maana hata sisi tulianzia kwenye kachumba, na nyumba ndogo yenye amani inatosha watu wengi. Lakini niliposoma ulivyoandika kwamba unataka "muziki wa kutikisa", nilicheka peke yangu mpaka mzee wangu akaniuliza kulikoni. Nilicheka kwa kuwa maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, nikiwa bi harusi wa juzi, na mama mkwe wangu ndiye aliyenitoa kwenye ujinga ule. Kila nikimkumbuka namshukuru. Utaona kwa nini.

Unajua nilikozaliwa, ndiko alikozaliwa na baba yako, kule juu mlimani karibu na msitu. Kati ya kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani, na cha jirani kuna korongo. Mtu akihitaji chumvi kwa jirani hateremki korongo na kupanda tena, magoti ya nani hayo. Anasimama ukingoni kwenye migomba, anaita, na mwenzake anaitika kutoka ng'ambo. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto mwenye sauti ndogo tulimhesabu kama mgonjwa. Hata kwenye kwaya, mwalimu wetu alikuwa akitusifu kwa kipimo hicho hicho: leo mmesikika mpaka ng'ambo. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpeleka dukani umwambie chagua spika, atachagua zipi? Atachagua zitakazosikika ng'ambo, hata kama kwake hakuna ng'ambo, kuna ukuta.

Eliakimu yeye ni mtu wa Kikwe, kule chini kwenye tambarare, ambako watu wanazungumza taratibu kama wanaogopa kuamsha maji ya mfereji. Alikuwa fundi kwenye karakana moja ya mbao. Nikueleze ukweli, nilipenda sauti yake kabla sijapenda sura yake. Aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Lemara, na alipokuwa anaoga asubuhi majirani walijua ni saa ngapi. Nilijiona nimeolewa na redio, tena isiyokula betri.

Basi kidogo kidogo redio ile ikaanza kufifia. Nikimwita mara moja haitiki, mpaka mara ya pili. Nikimtuma vitunguu ananiletea viazi. Kwenye kwaya akawa anaingia wakati wenzake wameshamaliza mstari, na watu wa kwaya unawajua, wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mazoea tu. Jumapili moja akarudi nyumbani, akatundika joho lake la kwaya kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakulishusha tena. Nikamuuliza, akasema amechoka na kazi. Jumapili iliyofuata akasema amechoka, na ile nyingine vivyo hivyo. Bafuni nako kukawa kimya.

Hakuna kitu kilichoniumiza katika ndoa yangu kama lile joho kwenye msumari. Kila nilipofunga mlango niliona mikono yake mitupu inaning'inia. Sikujua kwamba shida ni masikio. Siku hizo fundi aliyeziba masikio kwa pamba mbele ya mashine ya randa alichekwa na wenzake, wakamwita bibi harusi, na Eliakimu hakutaka kuchekwa. Mimi nilidhani ni moyo, kwamba furaha imemtoka, na labda imemtoka kwa sababu yangu. Mwanamke akikosa jibu hujitia mwenyewe hatiani, na sikutaka kuuliza sana nisije nikasikia nisichokipenda.

Nikaona dawa ni kumrudishia nyimbo. Tulikuwa na stoo ndogo ubavuni mwa jiko. Nikatoa majembe na magunia, nikaipaka chokaa, nikasema hiki kitakuwa chumba cha Eliakimu cha kusikiliza muziki. Tulikuwa na kaseti moja iliyorekodiwa kanisani kwao Kikwe alipokuwa kijana, yeye akiimba na mama yake akiwemo sauti ya kwanza. Nikajiambia akiisikia ile, katika spika za maana, moyo utamrudia na joho litashuka msumarini. Nia yangu ilikuwa nzuri, na hilo hata mama mkwe alinikubalia baadaye.

Duka la spika lilikuwa la Mchaga mmoja tuliyemwita Mangi, kama tunavyowaita wote hapa Arusha, wauze sukari au wauze sementi. Alikuwa mtu wa maneno matamu. Akaniwashia spika kubwa kuliko zote, vioo vya kabati vikatetemeka, wapita njia wakageuza shingo. Sasa sikiliza nilichofanya, na usiwasimulie wenzako. Nilitoka nje ya duka. Nikavuka barabara. Nikasimama upande wa pili, mikono kiunoni, nione kama zinasikika. Zilisikika vizuri sana. Nikavuka tena nikamwambia Mangi, "Nifungie hizo."

"Mama, umejua kuchagua," akasema Mangi. Mfanyabiashara ulitaka aseme nini kingine.

Tulipoziingiza kwenye stoo, zikajaa. Zilisimama mbele kama walinzi wa benki, na kiti nilichokuwa nimemwandalia Eliakimu hakikupata pa kukaa, nikakitoa nje barazani. Jioni akarudi kutoka kazini, nikamsimamisha mlangoni, nikawasha. Dirisha likalia, sahani zikaitikia huko jikoni. Nikamuuliza kwa ishara, nzuri? Akaitikia kwa kichwa, nzuri sana. Kisha akasema anakwenda kuangalia kuku. Kesho yake vivyo hivyo, anasimama mlangoni kidogo, anasema nzuri sana, anakwenda kwa kuku. Kuku wale hawajawahi kuangaliwa kama wakati ule. Na mimi, kila alivyozidi kwenda kwa kuku, ndivyo nilivyozidi kuongeza sauti. Jirani akaja kuuliza kama tuna send-off. Wahenga wanasema debe tupu haliachi kuvuma, nami nilikuwa na madebe mawili, na mimi mwenyewe ndiye niliyeyavumisha.

Hapo ndipo mama mkwe alipotutembelea kutoka Kikwe, na mkungu wa ndizi na kuku mmoja, kana kwamba kuku tuliokuwa nao hawatoshi kuangaliwa. Nikuambie alikuwa mtu wa namna gani, maana wewe hukumfahamu. Alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, na nyumba yake ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: hakuna mtu anayeulizwa neno lolote akiwa amesimama. Uwe mgeni, uwe umetumwa tu kuleta ujumbe, kwanza kiti. Hata aliyekuja kugomba alipewa kiti kwanza, na wengi wakishaketi walisahau nusu ya ugomvi. Nilipoolewa nilidhani ni mambo ya wazee tu. Kwetu juu tunamaliza mazungumzo kutoka ng'ambo mbili za korongo, kiti cha nini.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu Damari. Mwanangu hajambo?"

Nikasema hajambo, na kabla hajapumzika vizuri nikamvuta kwenda kumwonyesha chumba. Eliakimu alikuwa amerudi kutoka kazini, akasimama mahali pake mlangoni. Nikaweka kaseti ile ile ya Kikwe, nikafungulia. Mama mkwe akaweka mkono kifuani. Nikafurahi, nikidhani ameguswa. Kumbe alikuwa anashika moyo usimruke. Akaniashiria nizime. Akageuza kichwa huku na huku, akauliza kwa sauti yake ile ndogo, "Humu mwanangu anakaa wapi?"

"Hapo mlangoni, mama."

"Hapo amesimama. Nimeuliza anakaa wapi."

Akatoka, akazunguka kwa nje, akasimama nyuma ya mwanawe, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningewagusa wote wawili. Akaita, "Eliakimu." Hakuita kwa nguvu, aliita kama alivyomwita maisha yake yote. Eliakimu hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, anatazama midomo yangu, na nilikuwa sijafumbua mdomo.

Mwanangu, kuna mambo mtu huyaelewa yote kwa mpigo. Vitunguu na viazi, mistari ya kwaya, kuku, joho.

Mama mkwe akaja mbele yake, akakivuta kile kiti cha barazani, akamketisha kwanza. Ndipo akamuuliza. Eliakimu akainamisha kichwa, mwanaume mzima mwenye mikono ya fundi mbao, akasema, "Mama, maneno yananipotea. Nasikia kitu kinanguruma tu. Kwaya wakiimba naona midomo inacheza, sijui wamefika wapi. Na nyumbani ni hivyo hivyo."

"Na mke wako hukumwambia?"

"Amehangaika sana na hizi spika. Nitamwambiaje?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, mama mkwe akamwambia, na hayo hakuyasema kwa upole. Nikalia. Nililia kwa uchungu, na nililia pia kwa nafuu, maana kumbe hakuwa amenichoka. Mimi naye tulikuwa tukihurumiana kila mtu kwenye kona yake, na kati yetu madebe yananguruma.

Hakunikaripia mbele ya mume wangu, na hilo nalo namshukuru mpaka leo. Alisubiri tuko wawili jikoni, tunamenya zile ndizi, ndipo akasema, "Binti yangu, umekaribisha spika, zimepewa nafasi, zimestarehe. Mwenye nyumba amesimama mlangoni. Kwangu tunaanza na kiti. Anza na kiti, mengine yatajua pa kwenda." Akaendelea kumenya. Kwake karipio lilikuwa limekwisha. Kwangu liliingia mpaka kwenye mifupa.

Ndiyo maana kesho yake tukakatiza mjini na kiti. Ni yeye aliyeamuru, kiti kiende, kaseti iende, na mwenye masikio aende mwenyewe. Mimi nilichangia kitu kimoja, nilipima kwa kanga toka pale kiti kitakapokaa mpaka pale spika zitakaposimama, nikapiga fundo. Zile kubwa tulizipakia kwenye mkokoteni, zikatangulia dukani.

Mangi alipoona kiti akacheka. "Mama, viti dukani vipo."

"Vipo, baba, ila si vyake," mama mkwe akamjibu.

Nampa Mangi haki yake, alikuwa muungwana. Alikubali kutubadilishia, na alipoelewa shida akazima feni ili kuwe kimya, akafunga na mlango mmoja wa duka. Tukamketisha Eliakimu kwenye kiti chake katikati ya duka, nikanyoosha kanga yangu mpaka kwenye fundo, Mangi akawa anapanga spika hapo hapo kwenye fundo, mbili mbili. Mama mkwe akasema sauti iwe ya watu wanaozungumza mezani, isizidi. Mangi alitaka kuongeza kwa mazoea, akapigwa kikofi kidogo mkononi.

Na hapa ndipo nilipojifunza. Mimi ningemuuliza Eliakimu, nzuri? Naye angesema nzuri sana, maana ndivyo alivyo, hapendi kumkwaza mtu. Mama mkwe hakumuuliza hivyo hata mara moja. Alimuuliza, "Wanasema nini?" Basi. Wakiimba, wewe tuambie wanasema nini. Zile kubwa, akapata neno moja katika mstari. Zilizofuata, za kung'aa, akapata mengi, lakini akawa anakunja uso, akasema zinamchoma sikio. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Tukaenda hivyo, Mangi akaanza kuchoka, mimi nikaanza kuogopa. Nilijiuliza, tukimaliza rafu zote na spika zote zikawa zinanguruma tu, nitamrudisha nyumbani nikamwambie nini?

Mama mkwe akainama, akaangalia rafu ya chini kabisa. Palikuwa na visanduku viwili vya mbao vyenye vumbi, kila kimoja ningekibeba kwapani. Akauliza, "Na hivi?"

"Hivyo hakuna anayeviulizia, mama," akasema Mangi. "Havisikiki nje."

"Nje hakuna anayekaa."

Vikawashwa. Eliakimu akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, akataja mstari mzima. Akataja wa pili. Wa tatu akauimba, kwa sauti ya chini, pale pale dukani. Mangi akaacha kufuta vumbi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile mama wa Kikwe aliinama kwa niaba yangu.

Nikuambie nilifurahi? Nilifurahi, na niliona aibu pia. Tulikwenda na spika za kutisha, tunarudi na vijisanduku, jirani atasema tumefilisika. Mama mkwe akanisoma usoni. "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," akasema, na Mangi akacheka mpaka akaegemea kabati.

Usifikiri mambo yaliishia hapo. Tulipofika nyumbani nikaviweka kwenye shubaka, vimebana kwenye kona, vizuri kwa macho. Sauti ikawa nzito, kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Eliakimu akapoteza maneno tena. Mama mkwe alikuwa ananawa mikono, akasema kutoka nje, "Kiti kiko wapi?" Nikakumbuka. Tukaanza upya. Tukaweka kiti kwanza, mahali anapokaa mtu akatulia. Kisha tukavileta visanduku kwake, tukaviondoa kwenye ukuta, tukavipandisha juu ya vigoda na matofali mpaka vikalingana na masikio yake, tukavigeuza kidogo vimtazame. Nikatundika kitenge changu kizito dirishani na kutandika mkeka, maana sakafu tupu ya saruji na kuta tupu zinarusharusha sauti, hata ukikohoa utasikia. Tukawa tunasogeza kiasi cha kiganja, tunamuuliza, tunasogeza tena. Yeye alifumba macho. Mwishowe akasema, "Hapo."

Sasa lazima nikueleze kesi ya kifamilia. Kule Kikwe, mama mkwe alikuwa na sifa moja kwenye kwaya: alikuwa anaingia kabla ya wenzake. Wimbo ukianza, yeye ameshatoka. Wenzake walimwambia miaka yote, mumewe alimwambia mpaka anakufa, na yeye jibu lake lilikuwa moja, kwamba wao ndio wanaochelewa. Kwenye kaseti ile kosa hilo limo, kwenye ubeti wa pili. Ni sauti yake peke yake, ndogo, kwa kitambo cha kupepesa jicho, kabla kwaya haijaingia. Kwenye zile spika kubwa hata mimi mwenye masikio mazima sikuwahi kulisikia. Lilikuwa limezama kwenye ngurumo.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda kilichobaki, mimi nikakaa kwenye mkeka. Ubeti wa kwanza ukapita. Eliakimu alikuwa ametulia, mdomo unacheza na maneno. Ukaja ubeti wa pili. Akafumbua macho, akageuka kumtazama mama yake, na uso wote ukafunguka.

"Mama," akasema, "umewahi tena."

"Ni ninyi mliochelewa," akajibu mama mkwe. Kisha akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika, sikujua kama anacheka au analia. Eliakimu alicheka wazi wazi, kile kicheko cha bafuni nilichokuwa sijakisikia muda mrefu. Nikaenda nyuma ya mlango, nikalishusha joho msumarini, nikalifua jioni ile ile.

Masikio hayakupona, mwanangu, nisikudanganye. Daktari alisema kilichopotea kimepotea, tulinde kilichobaki, na Eliakimu akaanza kuziba masikio kazini, wacheke wapendavyo. Kwenye kwaya aliomba kusimama mbele, amwone mwalimu vizuri, na jirani yake akawa anamgusa kiwiko wakati wa kuingia. Jioni alijifunza nyimbo kwenye kiti chake. Ameimba mpaka alipostaafu kwa heshima. Sisi wawili tulijifunza kuulizana mambo tukiwa tumeketi, tunatazamana. Ndoa yangu ingeweza kufa kimya kimya kwa ngurumo, na aliyeiokoa ni mama mmoja mfupi wa Kikwe aliyeuliza mtu anakaa wapi.

Yeye amelala kwao Kikwe sasa, pembeni ya migomba yake. Visanduku vyake vipo, fundi amevibadilishia mpira mara moja, na nyimbo za kaseti ni wewe mwenyewe uliyetuhamishia kwenye flashi, Mungu akubariki. Mzee wangu siku hizi anavaa kifaa cha kusikilizia. Jumapili tukitoka ibadani anaketi, ninaketi, tunasikiliza. Ukifika ubeti wa pili anasema, "Mama, umewahi tena." Na kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kujibu, najibu mimi.

Basi, Elibariki, usinunue kitu bado. Weka kiti kwanza. Ukishajua mtu anakaa wapi ndipo utajua spika zinasimama wapi, na ukijua zinaposimama, chumba chenyewe kitakuambia ukubwa wake, na nakuapia hakitakuambia zile ndefu. Nenda dukani na wimbo unaoujua tangu utoto, wenye sauti ya mtu, si ule wa muuzaji, maana wa muuzaji umechaguliwa uuze. Pima kwa kamba au kwa kanga ya mkeo. Sikiliza kwa sauti ya mazungumzo, kwa sababu spika isiyoweza kusema taratibu haina la kusema. Usijiulize kama ni nzuri, jiulize unasikia nini. Muombe mwenye duka akuazime ukajaribu nyumbani, akikataa nenda kwa mwingine. Ukiwa kwako zitoe kwenye kona, tundika pazia, tandika kitu chini. Sabufa iache isubiri. Ukiona baada ya mwaka bado unaihitaji, njoo tugombane, ila utaketi kwanza.

Na kuna jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike maneno mengi hivi kwa swali dogo. Kwenye ile picha ya chumba, wewe uliona kuta na mahali pa kupachika spika. Mimi nilimwona mkeo, Neema. Amesimama mlangoni, kikombe mkononi, anatabasamu. Huenda ana furaha. Huenda anasema nzuri sana. Wewe umeshamuuliza anasikia nini?

Jumamosi nitakuja Themi, na sitakuja na spika. Nitakuja na viti viwili alivyotengeneza mzee wangu kwa mkono wake, nitavibeba kichwani kama ikibidi, nimeshazoea. Mungu aliyempa mama mkwe wangu macho ya kumwona mtu aliyesimama akupe na wewe macho hayo mapema kuliko alivyonipa mimi. Nyumba yako isikose kiti, wala mtu wa kukikalia, wala sauti ndogo ya kumfanya acheke. Lakini usiningoje mimi mpaka Jumamosi, mwanangu. Ukimaliza kusoma, vuta chochote kilichopo hapo ndani, ndoo, mto, kreti ya soda, na umwambie Neema aketi.